Subiri wiki ya sita, mwanangu

Manundu, Korogwe

Mwanangu,

Huku mahindi yameanza kutoa ndevu, na baba yako mguu unamsumbua vilevile. Sijamwambia kitu, wala sitamwambia.

Jana usiku ulinipigia simu mara tatu kutoka Handeni. Kwanza koo linawasha, kisha jasho, kisha kipele begani, na kila mara unaona ni VVU. Homa ya VVU ikija, mara nyingi huja kati ya wiki ya pili na ya nne, na sura yake ni ile ile ya malaria au mafua. Wengine haiwapati kabisa. Sisi wa Korogwe tulipaswa kujua mapema kwamba dalili si jibu: kuanzia mwaka 2009 watoto wa hapa walikuwa miongoni mwa watoto wa nchi 7 za Afrika waliojaribiwa chanjo ya malaria, na muda wote ule aliyeitwa mgonjwa wa malaria ni yule ambaye damu yake imepimwa. Paji la uso halikumpa mtu majibu. Basi nawe acha kujipapasa.

Lililoniuma ni kwamba ulinyamaza. Ungenipigia alfajiri ile ile uliyotoka Segera, ulikojiweka hatarini, tungekwenda hospitali kutafuta dawa za kinga. Huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu; humezwa siku 28 mfululizo. Mlango huo umefungwa, sikulaumu tena. Ila ukumbuke, na vijana wenzako wa kijiwe cha bodaboda uwaambie, maana wengi hawajui kama dawa hizo zipo.

Umejipima siku ya 5, ya 9 na ya 19. Kila mara mstari mmoja, kila mara umefurahi mpaka jioni, kisha hofu imerudi. Kipimo hakikukudanganya, umekiuliza kabla hakijawa na la kusema. Kipimo hiki cha haraka hakitafuti kirusi chenyewe, kinatafuta askari ambao mwili huwatengeneza kupambana nacho. Kwa watu wengi askari hao huonekana kati ya wiki ya 4 na ya 6, wachache huchelewa hadi wiki ya 12. Muda huo ndio wahudumu wanaouita kipindi cha dirisha. Kwa hiyo pima wiki ya 6, rudia wiki ya 12. Ukikutwa huna virusi siku hiyo, na katikati hukujiweka hatarini tena, amini. Usiende kupima mara ya nane wala ya tisa.

Sasa mkeo. Ana mimba ya miezi mitano, na hapa sikubembelezi. Kirusi kikiwa kimeingia, wiki hizi za mwanzo ndizo kinapojaa sana damuni na kuambukiza kwa urahisi, na mama akiambukizwa akiwa mjamzito mtoto naye yuko hatarini. Tumia kondomu kila mara. Usijifariji kwamba yeye alipimwa kliniki akakutwa salama. Majibu yale ni yake, si yako. Ningependa umwambie. Najua mdomo utakuwa mzito, lakini akisikia kwako ni tofauti na kusikia kwa watu. Ukishindwa peke yako, nitakuja nikae katikati yenu.

Nilipoanza uuguzi, tuliwapa watu majibu bila kuwa na dawa ya kuwapa. Nilishika mikono mingi, na nyuso zile sijazisahau. Wewe hauko wakati ule. Ukikutwa na VVU, dawa zipo, hulipii, na mtu anayezimeza vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mwezi Julai 2007 Rais Kikwete na Mama Salma walipima hadharani Dar es Salaam, nchi nzima ikiona. Wewe utapima chumbani, na mhudumu amefungwa na sheria asitoe siri yako.

Usiku hofu ikikukamata, nipigie, hata saa nane. Ila usinisomee vipele.

Kama unaogopa macho ya watu wa Handeni, wiki ya sita ikitimia panda basi la asubuhi uje Korogwe. Nitakuwa stendi nakusubiri, na benchi la hospitali tutakaa wote wawili mpaka uitwe.

Shangazi yako