Shilingi Mia Tano za Mama Mfinyanzi

Redio nayo hula. Radio Maria, iliyoanza nchini mwetu mwaka 1996 huko Songea, haipokei matangazo ya biashara. Umeme na matengenezo ya mitambo hulipwa kwa sadaka za wasikilizaji, na watumishi wengi hujitolea tu.

Mwaka jana mimi ndiye niliyeandika michango hapa Matema. Mama mmoja mfinyanzi wa Ikombe, akitoka kuuza vyungu sokoni Lyulilo, alinipa Shs. 500/-. Nilizidharau, nami nikazitia kikapuni bila kuandika.

Jumapili majina yaliposomwa alisikiliza mpaka la mwisho. Kisha akanijia: “Karani, mwanangu, kwani mimi sikutoa?”

Nikalifungua daftari palepale mlangoni mwa kanisa, nikamwuliza jina lake.