Picha ndogo nilizozifuta

Juma hili ninataka kuwasimulia kosa nililolifanya nyumbani kwangu. Nyumba zetu nyingi sasa zina diski au flashi yenye filamu, nyimbo za kwaya na video za harusi, na kosa kama langu ni jepesi kulifanya.

Kwetu hapa Bukavu tuna kompyuta ya zamani iliyounganishwa na televisheni, pamoja na diski moja ya nje. Jioni umeme ukiwapo, watoto hutazama katuni. Mama yangu, ambaye anaishi nasi tangu baba alipotutoka, husikiliza kwaya. Mama hakwenda masomoni, lakini alijifunza vitufe viwili vya kompyuta: mshale wa kusogea na kile kikubwa cha kukubali. Kila filamu na kila wimbo ulikuwa na picha yake kwenye skrini, kama jalada la kitabu. Mama alifuata picha, akapata alichotaka bila kumwita mtu.

Ndani ya diski hiyo tuna pia video tatu za baba. Katika moja anaimba kanisani, katika nyingine anawasimulia wajukuu hadithi, na katika ya tatu anasema siku wakwe walipoleta mahari ya dada yangu.

Mwezi uliopita diski ilijaa. Usiku mmoja, nilipomaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi wangu, niliifungua ili niisafishe. Karibu kila folda ilikuwa na faili ndogo ya picha, iitwayo folder.jpg au poster.jpg. Majina yale yale yalirudiwa kila mahali, nikafikiri ni takataka. Nilizitafuta zote kwa pamoja, zaidi ya 300, nikazifuta. Kisha niliiagiza programu yetu, ile ya bure iitwayo Kodi, isome diski upya. Nikaenda kulala nikijisifu.

Jumapili, baada ya ibada, mama alikaa kwenye kiti chake. Skrini ilikuwa imejaa alama za rangi moja, zote sawa, na maandishi chini yake. Mimi nilikuwa nje ninatwanga sombe. Aliponiita, hakuniuliza habari za kompyuta. Aliuliza: “Mwanangu, baba yako mmemtoa?”

Video zilikuwapo, hakuna hata moja iliyopotea. Nilimfungulia moja, akaitazama mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba sasa itabidi aniite kila anapomtaka mume wake, na kuna siku ambazo mtu hapendi kuonekana akimtafuta.

Neno hilo lilinichoma. Pale ISP tulifundishwa kwamba mtoto husoma picha kabla ya kusoma herufi, na kila siku darasani ninabandika picha ukutani. Kumbe nyumbani nimemfutia mama yangu mwenyewe maandishi yake. Na nilipopiga hesabu, sikupata nafasi yoyote ya maana. Picha moja ya namna hiyo ina kama kilobaiti 200, kwa hiyo picha 300 ni megabaiti 60 hivi, wakati filamu moja tu inaweza kufika megabaiti 700. Ningefuta filamu moja mbaya, ningepata nafasi mara kumi na zaidi.

Tulianza kurudisha. Kwa filamu zinazojulikana, programu hupata picha kwenye intaneti, mtu akiwa na megabaiti za kutosha. Lakini intaneti haimjui baba yangu. Kwanza niliweka picha ya uso wake kwenye video zote tatu. Mama akatikisa kichwa: “Hapa mume wangu ni mmoja mara tatu. Nitajuaje anaimba wapi?” Ndipo nikaelewa kwamba picha nzuri haitoshi kama haitofautishi. Akachagua mwenyewe. Kwa kanisani, joho la kwaya, ambalo bado tunalo. Kwa hadithi, kofia yake. Kwa mahari, mbuzi. Picha ya mbuzi hatukuwa nayo, basi mtoto wangu wa mwisho akamchora kwa kalamu za rangi, nikapiga mchoro kwa telefone. Mbuzi ana miguu mitano. Mama humfikia haraka kuliko wengine wote.

Ninawaachia niliyojifunza. Kila filamu ikae katika folda yake, na picha yake ikae humo humo, ikiitwa poster.jpg au folder.jpg, ili programu iione. Mkinakili kwenye flashi ya jirani, nakilini folda nzima. Msiitegemee picha ambayo programu imejiwekea ndani ya kompyuta tu, kwa sababu kompyuta ikifa, picha hiyo inakufa nayo. Muwe na nakala ya pili ya diski mahali pengine.

Tena, chunguzeni picha zinazokuja pamoja na filamu mnazonakiliwa mtaani. Mara moja tulipata picha ya katuni juu ya filamu ya kuchinjana. Mwanangu wa miaka mitano alibonyeza kwa imani yote. Mtoto asiyejua kusoma hana njia nyingine ya kujua kilichomo.

Na kabla ya kufuta kitu chochote, ulizeni kwanza nani nyumbani anakitumia. Mimi nina diploma, sikuuliza. Jana jioni nilipita sebuleni, nikasikia sauti ya baba akianza hadithi yake. Nilirudi jikoni polepole, sikuingia.