Tunapanga Safari ya Nchi ya Mvua



Mtoto wetu mwanamke aliyeolewa kule Liège, katika Ubelgiji, ametualika mimi na mama yake mwaka ujao. Akauliza kwa simu: "Papa, mukifika munataka tuwatembeze wapi? Paris?" Nikamujibu: "Hapana, mama. Tupeleke Wales." Akacheka sana: "Wales! Kule mvua haiishe. Mutalowana bure!"

Tangu siku ile tuko tunapanga. Nataka kukuelezea, msomaji, juu ya nini tumechagua nchi ile ndogo, ambayo kwa Kifaransa tunaiita Pays de Galles, iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Pengine na wewe siku moja utapata nafasi. Na usipoipata, mambo ya kule yanatuhusu hata tukibaki hapa.

Tuanze na mvua. Niliangalia hesabu yake. Cardiff, mji mkubwa wa Wales, unapata karibu milimita 1,150 kwa mwaka. Lubumbashi yetu nayo inapata karibu 1,200. Ni sawasawa tu! Ila yetu inashuka kwa nguvu, zaidi toka Novemba mpaka Machi, kisha kipwa kinaingia na vumbi lake. Kule inagawanyika mwaka mzima, kidogo kidogo, bila kipwa. Ni kwenye milima ya Eryri, upande wa kaskazini, ndiko inapita milimita 3,000. Kwa hiyo tumechagua mwisho wa Mei: mvua inapungua kidogo, na jua linashuka kisha saa tatu ya usiku. Tutabeba makoti ya mvua na viatu vigumu. Mwavuli tunauacha, upepo wa kule unauvunja.

Halafu karatasi. Angalia vizuri: viza ya Ubelgiji haifungue mlango wa Uingereza. Ni viza mbili, na pesa mara mbili. Kwa sababu hiyo tuko na siku tano tu, na kila siku inapaswa kuwa na maana. Toka Bruxelles treni inapita chini ya bahari mpaka London kwa saa mbili hivi, na toka London mpaka Cardiff karibu saa mbili tena.

Mimi nimechagua Blaenavon. Marehemu baba yangu alifanya kazi chini ya ardhi kule Kipushi kwa miaka mingi. Alikuwa anarudi na macho mekundu, anakula bukari, analala. Hakutuelezea kitu, na sikupata hata siku moja kushuka mahali alipokuwa anashuka. Kule Blaenavon kuna mgodi wa makaa unaoitwa Big Pit. Ulifungwa mwaka 1980, na mwaka 1983 wakaufungua tena kuwa makumbusho. Wanakuvalisha kofia na lampe, unaacha juu saa yako, simu na kiberiti, unashuka metre 90 na wachimbaji wa zamani ndio wanaokuongoza. Tena kule utaelezwa namna watoto wadogo walikaa gizani kufungua na kufunga milango ya hewa. Ni sheria ya mwaka 1842 ndiyo iliyokataza wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Wewe unayewaona watoto wetu wakibeba mifuko ya mawe ku karieri, fikiri: na wao walipitia hapo, na sheria ikatoka.

Mama wa watoto amechagua Aberfan. Nilimuuliza kama hapendi zaidi kuona ngome za wafalme. Alinyamaza kwanza. Mtoto wa ndugu yake alifunikwa na udongo mu karieri moja upande wa Kolwezi, wakati wa mvua. Hatujui hata leo analala wapi.

Aberfan ni kijiji cha wachimbaji. Juu ya mlima walirundika takataka za mgodi, sawa vile terili yetu, na moja ya marundo yale waliiweka juu ya chemchemi ya maji. Tarehe 21 Oktoba 1966, asubuhi, kisha mvua ya siku nyingi, rundo lile likateremka na kufunika shule ya watoto. Watu 144 walikufa, na 116 kati yao walikuwa watoto. Uchunguzi ulionyesha wazi mwaka 1967 kwamba kosa lilikuwa la shirika la makaa la serikali. Lakini pesa ya kuondoa marundo yaliyobaki, pauni 150,000 zilitolewa katika michango ya wafiwa wenyewe! Ni mwaka 1997 tu serikali ikazirudisha. Leo pale shuleni pako bustani, na makaburini matao meupe yamepangwa mstari.

"Nataka kuona," mama akasema, "namna wanaandika majina ya watoto."

Ngome tutaiona moja, Conwy, iliyoanza kujengwa mwaka 1283. Kutoka pale si mbali na Old Colwyn, na hapo tutaweka maua. Mwaka 1885 mmisionari mmoja wa Wales, William Hughes, alirudi toka Congo pamoja na vijana wawili, Kinkasa na Nkanza. Aliwafundisha, na akaanzisha kule shule ya vijana wa Afrika. Wote wawili walikufa wangali wadogo, mwaka 1888 na 1892, wakazikwa katika udongo ule wa baridi. Karibu na pale, Denbigh, alizaliwa Stanley mwaka 1841. Yeye wamemjengea sanamu, na mwaka 2021 wakaaji walipiga kura ibaki. Nitapita kuiangalia. Lakini maua yangu ni ya Kinkasa na Nkanza.

Vijana, safari ya kuangalia si mchezo wa matajiri. Wales walimzaa pia Mary Jones, aliyechanga makuta kwa miaka 6, na mwaka 1800 akatembea karibu kilometre 40 kwa miguu kununua Biblia. Alijua anachokitafuta kabla ya kutoka nyumbani.

Anza na hapa. Muulize babu yako jina la mgodi alioshuka, mwaka alioingia, na rafiki zake ambao hawakupanda tena. Andika majina hayo katika daftari, umpelekee pasta wako ayasome kanisani. Kazi hiyo haiombe viza, na wazee wetu hawatatungoja siku zote.