Mlima Unaoinuliwa

Nyumbani kwetu Kalemie mimi na mwanangu tulijenga reli ndogo mezani, kila kitu kikiwa kimepunguzwa mara 87. Mlima wa karatasi na uji wa muhogo niliubandika kabisa juu ya meza. Siku moja gari la moshi likaanguka ndani ya handaki, wala mkono haukufika. Mtoto akalia, nami nikaukata kwa msumeno mlima wa miezi miwili.

Wa pili tuliujengea kiunzi chake cha mbao, chenye vijiti vinne viingiavyo katika matundu ya meza, pasipo kugusa reli. Mpaka wake tuliuficha kwa majani makavu, yaliyobandikwa upande wa mlima tu. Gari likianguka sasa, mtoto huuinua mlima na kulirudisha relini. Nami mwalimu nimefundishwa: ajengaye aache nafasi ya kusahihisha.