Picha ya Chozi kwa Macho ya Mama

Lenzi ndefu humleta ndege karibu, na pamoja naye hukileta kila kishindo cha mkono wa mpigaji. Kitetemeko kisichoonekana katika picha ya harusi huwa ukungu mzito katika picha ya ndege mwenye uzito wa gramu chache.

Kwetu Tanga, ukungu huo hauvumiliki, kwa kuwa picha hizi ni za mama yangu. Nuru ya macho yake imepungua. Kitu hukiona kikiwa kikubwa, tena kimesogezwa karibu na uso. Sauti za ndege bado anazitambua: tetere, mnana, na chozi anayekuja kunyonya maua ya mkomamanga uani. "Namsikia kila siku, mwanangu," aliniambia, "lakini sura yake imenitoka." Basi picha sharti ichapwe kwa ukubwa wa karatasi nzima, na picha ikikuzwa, kasoro zake nazo hukua.

Wapigapicha wana kanuni ya zamani: lenzi ikiwa ya milimita 300, kama hii yangu ya mtumba, kasi ya shata isipungue 1/300 ya sekunde, kwa kamera zenye kihisi kidogo, karibu 1/500. Kanuni hiyo hutibu mkono wa mpigaji, haimtibu ndege. Chozi hatulii. Kwake huanzia 1/1000, na akipiga mbawa mbele ya ua hata 1/2000 huenda isizitulize. Kile kitulizi kilichomo ndani ya lenzi, ambacho wauzaji hukisifu mno, nacho hutuliza mkono tu.

Kasi hiyo hula mwanga, hivyo hupandisha ISO hadi 1600 bila wasiwasi. Wako wanaoziogopa chengachenga zinazotokea. Mimi naona hofu hiyo imezidi. Chenga hupunguzwa kwa programu ya kompyuta, lakini picha iliyotikisika haina dawa.

Jambo gumu zaidi ni jicho. Kwa umbali wa mita tatu, tundu la lenzi likiwa f/5.6, sehemu iliyo kali haizidi sana sentimita mbili kwenda mbele na nyuma. Kamera ikilenga bawa, jicho limekwishapotea. Kwa hiyo huzima ulengaji wa eneo zima, nikabakiza nukta moja tu, na nukta hiyo huiweka juu ya jicho. Picha ya kwanza iliyotoka hivyo, Mama aliisogeza usoni, akakaa kimya, akasema "Subhanallah," kisha akauliza, "Na hii nukta nyeupe ndani ya jicho lake ni nini?" Ilikuwa mwanga wa jua.

Saa nazo zina hesabu yake. Kijani kinachometa utosini na kooni mwa chozi dume hutokana na umbile la manyoya linavyorudisha mwanga. Jua likiwa nyuma yake, huonekana mweusi kama kipande cha mkaa. Hukaa, basi, jua likiwa mgongoni mwangu, tangu linapochomoza hadi kama saa tatu asubuhi. Baada ya hapo hewa ya moto hupanda kutoka kwenye saruji na mabati, na picha huyeyuka hata kamera ikiwa juu ya miguu mitatu.

Lakini ndugu msomaji mwenye kuweka akiba anunue lenzi ndefu zaidi, ningemshauri kwanza anunue pazia. Mimi hufungua dirisha, kwa maana kioo huharibu ukali, nikakaa nyuma ya pazia lenye tundu la kutosha lenzi. Siku mbili tatu ndege hutia shaka. Baadaye huja hadi mita tatu, na mita moja iliyopunguzwa ina faida kuliko milimita 100 zilizonunuliwa. Kiota hicho kinachoning'inia upande wa pili wa mkomamanga sikipigi picha kabisa. Chozi akiwa na makinda, pazia la upande ule halifunguliwi mpaka waruke.