Hamburg na gitaa la mtu wa mashoto
Ukifika Hamburg, Ujerumani, fuata barabara ya Reeperbahn hadi Beatles-Platz, zilipo sanamu za chuma za wanamuziki wa The Beatles. Katika mji huu, mwaka 1961, kijana Paul McCartney alinunua gitaa la besi aina ya Höfner kwa takriban pauni 30. Lina umbo la fidla, na wapo wanaoliona kama kitu cha kuchezea watoto. Lakini McCartney ana mashoto. Kwa kuwa pande za gitaa hilo zinalingana, hata likigeuzwa halichekeshi. Leo wapenzi wa muziki wakiliona humtaja yeye. Mzazi, mwanao mwenye mashoto usimlazimishe kutumia mkono wa kulia. Mtafutie kinachomfaa.