Njia ya Kitangari, na Somo la Mwuguzi Mgeni

Watu wengi huuliza siku hizi kwa nini wanafunzi wa uuguzi wa Ulaya na Marekani huacha hospitali zao kubwa, zenye vyombo vya kila namna, wakaja kukaa majuma machache katika vijiji vya nchi zetu. Wengine husema, wamekuja kutusaidia. Wengine husema, wamekuja kututazama tu. Jawabu la kweli ni kwamba wamekuja kusoma, na somo walitafutalo laitwa afya ya jamii, yaani afya ya watu wengi pamoja, wala si ya mgonjwa mmoja aliye kitandani. Leo nataka kuwaonyesha mahali ambapo somo hilo husomwa kwa miguu na kwa macho, kabla ya kufungua kitabu. Mahali hapo ni Kitangari, katika Wilaya ya Newala, Mkoa wa Mtwara.

Na tutoke Masasi. Masasi ni nchi ya tambarare, na katika tambarare hiyo yasimama majabali makubwa, kila moja peke yake, hata mgeni aliyeyaona mara moja hayasahau. Ukielekea upande wa mashariki waona mbele yako kama ukuta mrefu wa rangi ya kijani, nao ndio ukingo wa uwanda wa Wamakonde. Barabara hupanda kwa kupindapinda. Ukifika juu, hewa ni ya baridi kidogo, na nchi imekuwa sawa tena: mikorosho huku na huku, mashamba ya mihogo na mbaazi, vichaka vilivyosongamana, na udongo wa mchanga. Katika mji wa Newala pana ukingo uitwao Shimo la Mungu. Ukisimama hapo waona bonde la mto Ruvuma mbali chini yako, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji.

Lakini msafiri mwenye macho ataona neno moja la ajabu. Huko juu hapana mto, wala kijito, wala ziwa. Si kwamba mvua haiji. Huja katika majira yake, kama nchi nyingine za kusini. Ila mchanga huyanywa maji mara moja, nayo hushuka chini sana ardhini, kisha hutokea kando ya uwanda, katika mabonde yaliyo chini. Basi mwanadamu aishiye juu huiona mvua ikinyesha shambani mwake, na maji yake huyafuata bondeni.

Mgeni atauliza, Kwa nini basi watu walichagua kukaa pasipo maji? Jibu lake limo katika habari za zamani. Katika karne ya 19 nchi za chini zilikuwa njia ya misafara ya watumwa na ya vita vya Wangoni. Masasi yenyewe, iliyoanzwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere kwa watu waliokombolewa utumwani Unguja, ilishambuliwa na Wangoni mwaka 1882, wengine wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Vichaka vya uwandani vilikuwa ngome. Juu palikuwa na usalama pasipo maji, na chini palikuwa na maji pasipo usalama. Nao walio wengi wakachagua kuishi, wakaikubali kiu kuwa kodi ya amani yao. Tangu hapo, kodi hiyo imelipwa zaidi na wanawake. Mama na binti zake walishuka bondeni na mitungi, wakapanda tena nayo kichwani, mwendo wa saa nyingi, ili nyumba ipate maji ya kunywa, ya kupikia, na ya kumwogesha mtoto.

Sasa twafika Kitangari. Mji huu mdogo uko kaskazini ya Newala, upande ambao bonde limeukata uwanda. Una kituo cha afya na chuo cha ualimu, na watu wake ni wakulima wa korosho na mihogo kama jirani zao. Lakini sifa yake kubwa ni maji. Katika bonde lake, mahali paitwapo Mitema, ndiko kuliko visima ambavyo maji yake husukumwa kwa mashine na kupandishwa kwa mabomba mpaka uwandani. Kazi ya kuwapelekea Wamakonde maji ya bomba ilianza zamani za Waingereza, karibu na miaka ya 1950, na tangu miaka ya 1970 watu wa Ufini walisaidia kwa miaka mingi kazi za maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Mradi wa Makonde hupeleka maji Newala, Tandahimba na Nanyamba. Hata hivyo kuyapandisha maji mlimani si kazi nyepesi. Mashine ikiharibika, au bomba likipasuka, uwanda mzima hurudi katika desturi yake ya kale: maji ya kuwekwa. Ndiyo maana katika nyumba nyingi mgeni ataona mapipa, ndoo na mitungi, na uani visima vilivyochimbwa na kusakafiwa vizuri vya kuvunia maji ya mvua kutoka paani.

Hapo ndipo somo letu linapoanza. Katika mwaka 1952 homa ngeni iliingia katika vijiji vya uwanda huu, ikaendelea mpaka mwaka 1953. Ilimshika mtu kwa ghafula. Alikuwa akilima, na baada ya saa chache hawezi kusimama. Mwili ulimwaka moto, viungo vya mikono na miguu vilimwuma mno, na wengine walitokwa na vipele. Aliyejaribu kutembea alikwenda ameinama, kama mzee sana. Kwa sababu hiyo wenyeji waliiita kwa lugha yao ya Kimakonde chikungunya, yaani kile kimkunjacho mtu.

Daktari Marion Robinson aliandika dalili za ugonjwa huo, na W. H. R. Lumsden, wa taasisi ya kuchunguza virusi iliyokuwa Entebbe katika Uganda, aliandika jinsi ulivyoenea. Maandiko yao yalipigwa chapa mwaka 1955. Mwaka uliofuata R. W. Ross alieleza habari za kirusi chenyewe. Nao hawakutunga jina jipya la Kilatini, ila walilichukua lile lililotoka vinywani mwa wagonjwa wa Newala. Basi leo neno hilo la Kimakonde latumika katika hospitali za Asia, Ulaya na Marekani, na madaktari wengi walitamkao hawajui lilitoka katika kijiji gani.

Lakini wachunguzi hawakukaa na wagonjwa tu; waliingia na nyumbani. Huko walimkuta mbu aitwaye Aedes aegypti. Mbu huyu huuma mchana, na hupenda maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya watu. Hutaga mayai yake ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakiguswa na maji huanguliwa. Tangu yai mpaka mbu mzima, muda wake waweza kuwa kama juma moja, au zaidi kidogo. Mtungi ule ule ulioiokoa nyumba na kiu ndio uliomlea mbu.

Ndugu zangu, na tulishike neno hili vizuri, maana ndilo kiini cha yote. Mwuguzi mgeni akija, akaona viluwiluwi katika pipa, aweza kuandika katika daftari yake ya kwamba watu hawa hawajui usafi. Naye atakuwa ameandika uongo, ingawa macho yake yameona kweli. Lakini akifuatana na mama wa nyumba ile mpaka bondeni, akarudi naye akipanda mlima, shingo ikimwuma, ataandika maneno mengine: maji yako mbali. Mama yule hakuwa mvivu hata akayaacha maji yakae. Aliyaweka kwa sababu ya bidii yake na kwa kuwapenda watoto wake. Hospitali humwuliza mgonjwa, Unaumwa wapi? Afya ya jamii huuliza, Ni wangapi walioumwa, wakaa wapi, waliumwa lini, na kwa nini wao wala si jirani zao wa bonde la pili? Maswali hayo hayajibiwi kwa dawa iliyo katika chupa.

Tena somo hili si la Wamakonde peke yao. Mwaka 2004 homa ile ile ilizuka Lamu, katika pwani ya Kenya, wakati wa ukame. Watu walikuwa wameweka maji nyumbani kwa muda mrefu pasipo kuyabadili, na baadaye uchunguzi wa damu ulionyesha ya kwamba karibu robo tatu ya watu wa mji ule walikuwa wameambukizwa. Mwaka 2005 na 2006 iliwapata watu kama theluthi moja ya kisiwa cha Réunion, kisha ikaenea sana Uhindi. Na mwisho wa mwaka 2013 ikafika visiwa vya Karibi. Mwanafunzi atokaye mbali asidhani kwamba amekuja kusoma shida za watu wengine. Joto likizidi katika nchi yake, na mbu wa jamaa hiyo wakiingia huko, atayahitaji yale aliyofundishwa hapa.

Kuna somo la pili, nalo ni la unyenyekevu. Katika mikoa hiyo ya Lindi na Mtwara, tangu mwaka 2010, wanawake wa vijijini waliojitolea walifundishwa kuwatembelea wenye mimba na waliokwisha kujifungua, nyumba kwa nyumba, katika wilaya sita, na Newala ilikuwa mojawapo. Kazi hiyo iliitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Waliwafundisha akina mama habari za usafi wakati wa kuzaa, kumpa mtoto joto, na kumnyonyesha mapema. Matokeo yalipopigwa chapa mwaka 2015, yalionyesha ya kwamba baadhi ya desturi za nyumbani zilikuwa zimekuwa njema zaidi, lakini haikuonekana kwamba vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa sababu hiyo. Je! kazi ilikuwa bure? Sivyo. Ilitufundisha kwamba shauri jema la nyumbani halitoshi peke yake, kama zahanati haina mkunga wa kutosha na vyombo vya kazi. Asiyehesabu kwa haki husifu kila aliloanzisha. Na aliyehesabu ajua mahali pa kuongeza nguvu.

Wageni wa kazi ya uganga si wapya katika nchi hii. Mwaka 1935 Mwingereza Leader Stirling alifika Lulindi, chini ya uwanda upande wa Masasi, kuwa daktari wa misioni. Hakurudi kwao baada ya majuma machache. Alikaa na watu miaka mingi, akawa raia wa Tanzania, na tangu mwaka 1975 mpaka 1980 alikuwa Waziri wa Afya. Hatuwezi kumtaka kila mwanafunzi akae hivyo. Lakini twaweza kumtaka kila mmoja aje kwa adabu ile ile: apige hodi, awaamkie wazee, aketi mkekani, aulize, kisha anyamaze asikie.

Wazee husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na tuliulize neno hili kwa haki: mgeni akiisha kuja na kwenda, mwenyeji amepona nini? Kama hesabu alizoandika nyumbani mwetu zimekwenda naye ng'ambo, zikampatia cheti chake, na sisi hatukuambiwa neno, basi mwenyeji hakupona. Ni wajibu wa mwanafunzi, kabla hajaondoka, kusimama mbele ya watu wa kijiji na kuwaambia kwa Kiswahili chepesi ameona nini. Na ni wajibu wetu kumwuliza, wala tusione haya, kwa kuwa habari zile ni zetu kabla hazijawa zake.

Wala tusimngoje mgeni kwa lile tuwezalo sisi wenyewe. Kila chombo cha maji kifunikwe vizuri, hata mbu asipate pa kuingia. Kila juma vyombo vimwagwe kwa zamu, maji yake yakitumiwa kufulia au kunyweshea miche, na kuta zake za ndani zisuguliwe kwa nguvu, kwa kuwa kubadili maji tu hakuondoi mayai. Makopo, vifuu na magurudumu ya zamani yasiachwe uani kukusanya mvua. Aliyeshikwa na homa na maumivu ya viungo apelekwe zahanati apimwe, kwani malaria nayo huanza kwa homa, na malaria huua upesi.

Walimu nao wana sehemu yao. Siku ya Ijumaa mwalimu awape watoto kazi ya kuhesabu vyombo vya maji nyumbani mwao: vingapi vina kifuniko, vingapi havina, na vingapi vimeonekana na viluwiluwi. Jumatatu waziandike hesabu hizo ubaoni, wazilinganishe mtaa kwa mtaa, na baada ya mwezi watazame kama zimepungua. Hiyo ndiyo afya ya jamii, na mtoto wa darasa la tano wa Kitangari aweza kuianza kwa kipande cha chaki, hata kabla mgeni hajashuka katika gari.